Kadzo ameanza wa sabini na nne

Kwako ndugu yangu Kahindi,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Pendo na kwa watoto wote hapo Malindi. Sisi huku Italia tu wazima, ila baridi imetukalia vibaya. Ujumbe wako niliupata, na mke wangu nilipomfasiria alicheka mpaka akaketi. Umeuliza kuhusu binti yetu Kadzo na mbio zake za skii: "Huyo mtoto mbona kila wiki yuko mashindanoni na hatusikii ameshinda?" Swali halali kabisa. Nimeona nikuandikie, kwa simu utanikatiza kabla sijafika popote.

Ujue kwanza kwamba shindano lenyewe ni kama dakika moja. Kadzo anateremka mlima wa theluji kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni, akipita kwenye milango ya nguzo nyekundu na za buluu, anafika chini, anapanda tena, anarudia duru ya pili kwenye milango iliyopangwa upya, muda unajumlishwa, kwisha. Siku nzima iliyobaki ni kusafiri na kungoja. Tunatoka nyumbani saa kumi alfajiri, giza totoro, skii juu ya gari, yeye nyuma amelala na kitabu cha hesabu kifuani. Asubuhi wanaruhusiwa kuikagua njia, lakini kwa kushuka polepole kwa ubavu. Kuipita milango kwa mwendo wa mbio ni marufuku. Kila mlango lazima ukae kichwani. Baadaye utawakuta juu mahali pa kuanzia, wamefumba macho, mikono inapinda kulia na kushoto, midomo inacheza, kama watu wanaozungumza na majini. Mara ya kwanza nilipoona hayo nilitaka kuuliza mganga yuko wapi.

Sasa nije kwenye kinachotunyima usingizi, yaani namba ya kuanzia. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIS, linampa kila mshindani pointi, na hesabu yake ni ya kinyume: aliye kileleni duniani yuko kwenye sifuri, na asiye na matokeo anaandikiwa 999. Mtoto anaingia mashindano haya mwaka anaotimiza miaka 16, na tangu hapo kazi yake ni kuzipunguza hizo pointi. Kumi na tano bora wanapangwa kwa bahati nasibu nani atangulie, halafu waliobaki wanafuatana kwa pointi zao. Juzi Kadzo alivaa 74. Maana yake watu sabini na tatu wameshapita juu ya barafu ileile, na kwenye kila kona wameacha mfereji unaozidi kuchimbika. Skii za mbio hizi za kona pana zina urefu wa karibu mita 1.9 kwa wasichana. Ukiingia vibaya kwenye mfereji huo zinakutupa nje, na siku yako imekwisha.

Alimaliza wa 41, na kwetu ilikuwa sherehe. Wewe ungeitazama karatasi ya matokeo ukasema amechapwa. Mimi naitazama naona amewapita watu waliopewa njia nzuri kuliko yake. Anachokitafuta msimu huu ni kuingia thelathini bora duru ya kwanza, kwa sababu duru ya pili hao thelathini wanageuzwa: wa thelathini ndiye anayeanza, njia ikiwa mpya kabisa. Watu wanasema utaratibu huu ni wa haki, kwamba kila mtu alianzia nyuma. Mimi nauona ni wa haki kwa yule aliyekwisha kufika mbele. Mwalimu wake hapendi nikisema hivyo mbele ya watoto.

Mwenyewe Kadzo ana jibu lake, na jibu hilo ni Ester Ledecká. Olimpiki ya Pyeongchang 2018, mbio za super-G, zile za kasi za kushuka mara moja tu, wakubwa wote walikuwa wameshashuka, Anna Veith wa Austria anapongezwa kwa dhahabu, na televisheni moja ya Marekani ilikuwa imeshatangaza mshindi na kuhamia mchezo mwingine. Akateremka huyo Mcheki, namba 26, akamshinda Veith kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Picha zake pale chini, ameduwaa, anautazama ubao akingoja uletwe muda wa kweli, Kadzo amezitazama mpaka amezikariri. Namwambia 26 si 74. Ananiambia, "Baba, kazi yako ni kunoa."

Na kweli kazi yangu ni kunoa. Nilipokuwa seremala hapo sikujua jiliwa na tupa zitanifuata mpaka Ulaya. Usiku wa kuamkia shindano nashuka gereji, nafunga skii kwenye jiliwa, naanza na kingo za chuma. Kingo ya ubavuni inakaa digrii 87, na kuna kishikio kidogo cha kuishikilia tupa kwenye pembe hiyo isiyumbe. Ukimaliza tupa unapitisha kinoo cha almasi, mara nyingi, polepole, halafu unaikwangua kwa ukucha: ikiutoa unga mweupe, imekubali. Kisha nta. Unaiyeyusha kwa pasi, matone yanaanguka juu ya skii, unayasambaza kwa pasi ileile, unaacha ipoe, unakwangua karibu yote na kupiga brashi. Hapo mke wangu huuliza kwa nini naipaka kama nitaiondoa. Inayobaki ni ile iliyoingia ndani, ndiyo inayoteleza. Zamani walichanganya nta na florini ikawa na kasi ya ajabu, lakini ni sumu kwa maji na kwa mapafu ya fundi, na FIS wakaipiga marufuku tangu msimu wa 2023/24. Nashukuru, maana gereji yetu haina dirisha.

Siku ya shindano mimi ni mbeba mizigo. Suti yao ya mashindano ni nyembamba, inabana, chini yake hakuna kitu cha maana, na juu huko ni digrii kumi na mbili chini ya sifuri. Mtoto anakaa na koti na suruali yenye zipu ya ubavuni mpaka zimebaki namba tatu nne, anavua, anatupa kwenye mfuko, nami naukimbiza mfuko chini kwa kiti cha kamba kabla hajaganda. Kwenye redio mwalimu anasikika akiwaambia wa nyuma pana shimo mlango gani. Kwa Kijerumani, Kahindi. Kiitaliano chote tulichokichota kwa watalii pale ufukweni nimekuja nacho bonde la Vinschgau, na majirani wanaongea Kijerumani!

Sitakuficha kwamba naogopa. Oktoba 2024, Matilde Lorenzi, binti wa miaka 19, alianguka mazoezini kwenye barafu ya Val Senales, bonde linalochipuka kutoka hili letu, akafariki hospitalini Bolzano siku iliyofuata. Hapa bondeni watu walizungumza kwa sauti za chini kwa muda mrefu. Na hata wakubwa hawasalimiki: Mwitaliano Federica Brignone alitwaa Kombe la Dunia la jumla la skii msimu wa 2024/25, na Aprili hiyohiyo akavunjika mguu kwenye mashindano ya taifa. Kadzo sasa anavaa fulana ya mfuko wa hewa chini ya suti. Ikihisi anaanguka inajijaza yenyewe na kukinga mgongo na kifua. Kwenye Kombe la Dunia imekuwa lazima kwa mbio za kasi tangu msimu wa 2024/25. Inasaidia. Lakini mimi anapoondoka pale juu siangalii mlima, naangalia saa ya ubaoni.

Umeniuliza pia kwa nini asichezee Kenya. Hilo tumeliongea sana mezani. Italia ina nafasi nne tu kwa kila mbio za Olimpiki, na wasichana wanaozitaka wamejaa kila bonde. Kenya njia imeshapasuliwa. Philip Boit alikwenda Olimpiki ya Nagano 1998, akamaliza wa mwisho kilomita kumi za skii za masafa, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja kwenye mstari kumkumbatia. Boit akamwita mwanawe Dæhlie. Na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliyepelekwa Austria akiwa na miaka mitatu, alibeba bendera Pyeongchang. Alishuka kwenye zile zile mbio za Ledecká, akawa wa 38. Beijing 2022 hakwenda, pesa zilikosekana. Hapo ndipo mimi nakwama. Pea moja ya skii za mashindano ni kama Euro elfu moja, na pea moja haitoshi. Huku angalau klabu inalipa mwalimu na gari.

Kadzo kwa upande wake ameshakata shauri: "Nikija Kenya nije na pointi nzuri, nisije kwa sababu huku wamenikataa." Basi hatubadili kitu msimu huu. Lakini pasipoti ya Kenya ni haki yake kwa kuwa mimi babake ni Mkenya, na nataka iwe tayari. Kwa hiyo nakuomba upite kwa mama, kwenye lile sanduku la bati kuna cheti changu cha kuzaliwa. Kipige picha unitumie, kisha asili yake uitume na yule mgeni wako anayerudi Bolzano mwezi wa tatu. Mama akiuliza habari za mjukuu wake mwambie anasoma vizuri, jambo ambalo si uongo. Hizo za kuanguka umezisoma wewe peke yako.

Wako,
Charo