UPS peke yake haitoshi, fukueni muone athi zenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu wa Mwanza tunaofanya kazi na kompyuta nyumbani, hasa sisi tunaokaa huku juu kwenye mawe, Mabatini, Igogo, Bugarika na kwingineko. Mimi natengeneza kadi za harusi na kuchapa kazi za wanafunzi, nina dasktopu, printa na rauta, vyote nimenunua kwa kudunduliza. Sasa mwezi wa nne alfajiri moja mvua ilitoka ziwani na radi, umeme ukakatika ukarudi ukakatika tena, uliporudi mara ya tatu taa ya sebuleni iliwaka nyeupe mpaka inaumiza macho, halafu nikasikia tap! chini ya meza na harufu ya plastiki inayoungua. Pawasaplai ikaenda, rauta ikaenda, na hadi disiki yenye kazi za wateja haisomi mpaka leo.

Kilichoniuma zaidi UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, nilikuwa nayo! Na ekstensheni niliyouziwa dukani kwamba inazuia umeme mkubwa nilikuwa nayo. Nimeifungua kwa bisibisi, ndani kuna vipande vitatu vyembamba vya shaba na kataa kekundu, basi. Ya kweli inakuwa na kidude bapa cha duara kama peremende, kinaitwa varista, hicho ndo kinameza umeme ukizidi, na kila kikipigwa kinachoka, kwa hiyo hata iliyo ya kweli haidumu milele.

Fundi niliyemuita wala hakuanza na kompyuta, alizunguka nyuma ya nyumba akauliza athi iko wapi, yaani ule waya unaopeleka umeme uliozidi ardhini. Tukafukua. Athi rodi, ile fimbo ya chuma waya huo unapofungwa, inatakiwa iingie ardhini zaidi ya mita moja, ya kwetu ilikuwa fupi kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, yaani aliyefunga waya alikutana na jiwe akaikata kwa msumeno wa chuma, akafukia, akalipwa, akaondoka. Na waya wenyewe umelegea kwenye klampu umeota kutu ya kijani. "Dada, hapa mlipigwa," akaniambia, "vifaa hivi vinataka mahali pa kumwaga umeme uliozidi, sasa utamwagika wapi?"

Na jiwe sio sababu jamani. Yeye alishuka chini kule maji ya bafuni yanakopita, udongo una unyevu, akagongelea rodi mbili akaziunganisha kwa waya wa shaba mpaka kwenye nyumba, na hakuondoka mpaka amepima kwa mashine. Mama zangu na baba zangu mnaotupangisha, msiseme hayo ni ya mpangaji, athi hiyohiyo ndo inamuokoa mtoto akishika friji yenye hitilafu.

UPS yangu nayo betri ilishakufa zamani bila mimi kujua, ni kale ka volti 12, baada ya miaka miwili mitatu kanachoka na joto linakawahisha. Ijaribuni, seviani kazi zote, kompyuta ikiwa imewaka zima swichi ya ukutani, usichomoe plagi maana utakuwa umetoa na athi, kompyuta ikizimika palepale ujue ni betri. Printa ya leza msiichomeke humo, inavuta sana.

Radi sasa hiyo haina UPS wala nini, ni kuchomoa tu, kabla haijafika. Ziwa letu linabaki na joto usiku wakati nchi kavu imepoa, upepo unakusanyika huko majini, ndo maana mvua zetu za radi nyingi zinatukuta tumelala, kwa hiyo mimi nachomoa kabla ya kulala. Na watu wanachomoa plagi wanasahau waya wa dishi la intaneti unaoingia kwenye rauta, radi inapita hapohapo. Kazi za wateja naziweka pia kwenye disiki ya pembeni inayokaa kabatini, haijachomekwa popote.

Mhariri, naomba mumtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, awaelezee wasomaji athi inapimwaje na kipimo kinatakiwa kisome ngapi, maana wengi tunalipa tusichokielewa. Jirani yangu wa juu alifukua ya kwake Jumamosi iliyopita, na yeye kaikuta imekatwa.

Msomaji wako,
Mabatini, Mwanza