Kina mama waonyeshwe kunyonyesha, si kuambiwa tu

Mhariri,

Kila mwaka, kuanzia Agosti 1 hadi 7, Wiki ya Unyonyeshaji Duniani hujaza magazeti kauli mbiu. Hatuna ugomvi nazo. Ila kina mama wengi wanajua tayari kwamba mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, kisha maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Wanachokosa ni mtu wa kukaa nao na kuwaonyesha.

Mama akiacha kunyonyesha mapema, sababu inayosikika zaidi ni kwamba maziwa hayatoshi. Wachache ni kweli hawana. Wengine wengi huanza nayo, kisha hukaushwa. Ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Yakibaki ndani, kazi inapungua. Mtoto akipewa maji ya glukosi, uji mwepesi au maziwa ya kopo, tumbo linajaa, ananyonya kidogo, na siku inayofuata ziwa linatoa pungufu. Anaongezewa kopo. Wiki chache baadaye maziwa yamekatika kweli, na nyumba nzima inaamini hayakuwepo tangu mwanzo.

Hofu hiyo huzaliwa siku za mwanzo kabisa. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza kabisa, hutoka kidogo, kama kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo, na kichanga hahitaji zaidi. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya 2 na ya 4, kwa baadhi huchelewa kidogo. Katika siku hizo uzito hupungua, mara nyingi chini ya asilimia 10, na unapaswa kurudi ulipokuwa ndani ya wiki 2. Bibi anayeona mtoto amesinyaa siku ya 3 halaumiwi kwa kushtuka. Alaumiwe aliyemruhusu mama kwenda nyumbani bila kumweleza.

Jambo la kutazama kwa macho ni jinsi mtoto anavyokamata ziwa. Tumbo lake liguse tumbo la mama. Kichwa, shingo na mwili viwe mstari mmoja. Chuchu iguse mdomo wa juu, mama asubiri mtoto apanue kinywa sawasawa, ndipo amvute kwenye ziwa, si kumpelekea ziwa kwa kuinama. Akishakamata, kidevu kinagusa ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini. Anavuta taratibu, anapumzika, unasikia anameza. Mashavu yakibonyea ndani na milio ikisikika, amekamata chuchu tu: mama atachubuka, na maziwa hayatatoka vya kutosha. Asimvute kwa nguvu. Aingize kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa kinywa, amwachishe, aanze upya.

Kutosha hakupimwi kwa kilio wala kwa ulaini wa ziwa. Baada ya wiki chache ziwa hulainika, na bado linatoa. Hesabuni minyonyo 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Kuanzia siku ya 5, nepi 6 au zaidi zilizolowa mkojo mweupe, na choo kimeacha weusi kimekuwa cha njano. Baada ya hapo mizani iseme: mtoto akiongezeka chini ya gramu 500 kwa mwezi ni dalili ya tatizo. Na maji? Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88, hata kwenye joto kali hayahitaji nyongeza.

Mama anayerudi kazini akamue kwa mkono: kidole gumba juu, cha shahada chini, vyote nyuma kidogo ya chuchu, abonyeze kuelekea kifuani, abane, aachie, bila kuburuza vidole kwenye ngozi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo. Chupa ni ngumu kusafisha.

Anayeishi na virusi vya UKIMWI asiachishwe kwa uvumi. Mwongozo wa WHO wa 2016 unamruhusu kunyonyesha hadi miezi 24 na zaidi, mradi anameza dawa zake kikamilifu. Na unga wa kopo, ambao wengi huuona salama, si unga usio na vijidudu: hukorogwa kwa maji yaliyochemshwa ambayo hayajapoa chini ya nyuzi 70, kisha hupozwa. Ukichanganywa mwepesi ili kopo lidumu, mtoto anakonda huku tumbo limejaa. Ndiyo maana Kanuni ya Kimataifa ya 1981, inayohusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, inakataza kuwagawia kina mama sampuli za bure. Wodi inayozipokea inavuruga kazi yake yenyewe.

Tunaomba mambo mawili kwa wasimamizi wa vituo. Mama asitoke wodini kabla muuguzi hajamwona akinyonyesha mara moja, mwanzo hadi mwisho. Kisha arudi kati ya siku ya 3 na ya 5, mtoto apimwe uzito na ukamataji utazamwe tena, maana ndipo maziwa yanapojaa, ziwa linakuwa gumu, na mtoto aliyekuwa akikamata vizuri anaanza kuteleza kwenye chuchu. Akamue kidogo kwanza hadi weusi ulainike, ndipo amnyonyeshe.

Ni sisi,
Wakunga na wauguzi wa wodi ya wazazi