Jengo la kijani liwafae na majirani zake

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia lolote, lakini taarifa mliyoichapa juu ya kuzinduliwa kwa lile jengo refu la ofisi, mkaliita mfano wa kuigwa katika utunzaji wa mazingira, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu alieleza vizuri habari za paneli za sola, taa zinazojizima zenyewe na matangi ya kuvunia maji ya mvua. Alipandishwa hadi kwenye paa akaonyeshwa bustani. Hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba, aliposhuka, aliwauliza neno watu wanaoishi nyuma ya ukuta wa jengo hilo.

Mimi ni mmoja wao. Kabla ya ujenzi palikuwa na njia ya miguu iliyokatiza kiwanja kile, na ndiyo tuliyoitumia kwenda kituo cha basi. Njia hiyo imezibwa. Mchana mmoja wa jua kali nilikuwa nikimrudisha nyumbani mama yangu mzazi, ambaye miguu yake haina tena nguvu, nikamwomba mlinzi wa geti aturuhusu tukatize bustanini. Kijana yule, ambaye simlaumu kwa kuwa anatii amri ya waliomwajiri, alijibu kwa adabu kwamba bustani ni ya wapangaji na wageni wenye kadi. Ikatubidi tuuzunguke ukuta wote, kwanza upande wa mbele ambako vioo vinaturudishia jua machoni, kisha kwenye uchochoro wa nyuma ambako sehemu za nje za viyoyozi zimepangwa safu kwa safu zikipuliza hewa ya moto kuelekea madirisha yetu. Mama alishindwa kuendelea, akaketi kwenye ukingo wa mtaro, maana upande wetu hakuna benchi wala kivuli. Upande wa pili wa ukuta yapo mabenchi yaliyo chini ya miti, na saa ile hapakuwa na mtu aliyeyakalia.

Kiyoyozi hakiliangamizi joto, Mheshimiwa. Hulitoa ndani na kulimwaga nje, likiwa limeongezewa joto la umeme ulioiendesha mashine yenyewe, kwa hiyo ubaridi anaousifu mpangaji wa ghorofa ya kumi unalipiwa na mtu wa uchochoroni ambaye pengine hana hata feni. Na hili la vioo si malalamiko ya wivu. Mwaka 2013 jengo la 20 Fenchurch Street jijini London, lenye ukuta wa vioo uliopinda, lilikusanya miale ya jua na kuielekeza barabarani hadi sehemu za gari lililoegeshwa zikayeyuka, na wenye jengo wakalazimika kulifunga vikinga jua. Jengo hilohilo liliombewa kibali kwa ahadi ya bustani ya umma huko juu, lakini leo anayetaka kuiona kwa kawaida hutakiwa kuweka nafasi mapema na kupita kwenye ukaguzi wa usalama. Bustani ambayo mpita njia hawezi kuingia akapumzika haiwi ya umma kwa sababu tu imeandikwa hivyo kwenye ombi la kibali.

Sipingi majengo ya kijani. Ujenzi na matumizi ya majengo huchangia zaidi ya theluthi moja ya hewa ya ukaa itokanayo na nishati duniani, na anayepunguza mzigo huo anastahili kushukuriwa. Ninachopinga ni kipimo kinachokoma kwenye ukuta wa kiwanja. Chini ya LEED, mfumo wa Marekani wa kuyapima majengo ya kijani na kuyapa vyeti, katika toleo lake la nne, alama za juu kabisa ni 110 na cheti cha ngazi ya chini kabisa hupatikana kwa alama 40. Nishati peke yake ina alama 33. Zipo alama za kujenga karibu na usafiri wa umma, na zipo chache za kupunguza joto la eneo, lakini jengo linaweza kupata cheti huku limeziba njia ya watu kwenda kwenye kituo kilekile cha basi kilicholipatia alama. Wenye mfumo wenyewe wanalijua pengo hili, ndiyo maana wakaanzisha kipimo kingine cha mitaa mizima. Wajenzi wengi huomba kile cha jengo moja.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niitaje na miti. Ili kupata barabara ya kuingilia magari, miti mikubwa iliyokuwa kando ya njia ilikatwa, mahali pake ikapandwa miche ndani ya ukuta, na taarifa yenu ikaihesabu miche hiyo kuwa ongezeko la kijani. Mti uliokomaa huupoza mtaa kwa kivuli chake na kwa maji yanayovukizwa na majani yake. Mche utahitaji miaka mingi kufikia hapo, na utakapofikia utampoza mwenye kadi.

Mambo haya yanawezekana kufanywa vizuri. Mtaa wa Vauban katika mji wa Freiburg, Ujerumani, ulijengwa kwenye kambi ya zamani ya jeshi huku wakazi wakishiriki kuupanga, na magari mengi yakawekwa kwenye maegesho ya pembezoni ili njia za ndani ziwe za watembea kwa miguu na watoto. Nyumba zake zinajulikana kwa kutumia nishati kidogo, na mgeni huzipita bila kuulizwa kadi.

Ninaiomba mamlaka ya jiji isitoe kibali chochote kwa jengo linalojiita la kijani mpaka mambo manne yawe yameandikwa humo. Njia ya miguu yenye upana usiopungua mita tatu ikatize kiwanja na kuwa wazi tangu alfajiri hadi usiku. Hewa ya moto ya viyoyozi itolewe juu ya paa, kamwe isielekezwe kwenye madirisha ya watu. Mabenchi yenye kivuli yawe nje ya ukuta. Na matumizi halisi ya umeme na maji yabandikwe getini kila mwaka, kama New York inavyoyataka majengo makubwa yaonyeshe mlangoni daraja lake la nishati. Mkaguzi wa cheti naye apimie joto uchochoroni saa saba mchana, viyoyozi vikiwa vimewashwa vyote, na akiwa hapo abishe hodi kwenye nyumba zetu. Mwandishi wako aje pamoja naye, tutamkaribisha.

Msomaji wako wa miaka mingi,
Jirani wa nyuma ya ukuta