Mtoto atazamwe kaakaa kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie watoto wanaozaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa, yaani paa la ndani ya kinywa, hali ambayo wengi wetu tumezoea kuiita mdomo sungura, jina ambalo nisingependa mama yeyote alisikie likitamkwa juu ya kitanda cha mwanawe. Kila madaktari bingwa wanapokuja kufanya upasuaji wa kurekebisha maumbile haya, picha tunazoziona ni za midomo iliyoshonwa ikapona, nasi tuna haki ya kufurahi. Lakini wapo watoto ambao mdomo wao kwa nje ni mzima kabisa, na mpasuko uko ndani, sehemu ya nyuma ya kaakaa, mahali ambapo hapatazamwi. Ninaandika kwa ajili yao.

Mjukuu wangu ni mmoja wao. Alizaliwa katika kituo kimoja cha afya, akapimwa uzito, akakaguliwa mikono na miguu, na kesho yake mama yake akaruhusiwa. Nyumbani mtoto akawa ananyonya saa nzima, analala kwa kuchoka, kisha anaamka akilia njaa, na maziwa yakimtokea puani. Binti yangu akaambiwa hana maziwa ya kutosha. Jirani mmoja hakuona haya kumwambia kwamba huenda alimcheka mlemavu alipokuwa mjamzito. Hadi wiki ya tano mtoto alikuwa bado hajarudia hata uzito aliozaliwa nao. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeingiwa na shaka, akawasha tochi ya simu, akamkandamiza ulimi taratibu, akatuonyesha uwazi uliokuwepo siku zote hizo.

Muuguzi huyo alitueleza kwamba mtoto hunyonya kwa kuvuta, na mdomo ambao kaakaa lake liko wazi hauwezi kuvuta, kama vile mrija uliotoboka. Akamfundisha binti yangu kukamua maziwa, kumkalisha mtoto wima, kumnywesha kidogo kidogo kwa kikombe kidogo au kijiko ili asipaliwe, na kumbeulisha mara kwa mara kwa sababu humeza hewa nyingi. Somo lote halikufika nusu saa, na halikuhitaji dawa wala mashine yoyote. Ndani ya mwezi mmoja mtoto alianza kunenepa.

Uzito huo ndio tiketi ya kuingia chumba cha upasuaji. Madaktari wana kanuni ya siku nyingi kwa upasuaji wa mdomo: mtoto awe ametimiza wiki 10, awe na uzito wa pauni 10, yaani kama kilo 4.5, na kipimo cha wingi wa damu kisichopungua gramu 10 kwa desilita, ili aweze kustahimili nusukaputi. Kaakaa hushonwa baadaye, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, kabla mtoto hajazoea kuongea vibaya. Mtoto aliyekosa maziwa miezi ya mwanzo hurudishwa nyumbani hata kama daktari bingwa na vifaa vyote vipo, na wengine hawafiki kabisa. Mzazi anayetoka milima ya Makete, Ludewa au Ileje, aliyekopa nauli, akiambiwa arudi mtoto akiongezeka uzito, si ajabu asionekane tena.

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na kuna mwanafunzi mmoja ambaye bado ananiuma moyoni. Alikuwa akiongea kwa puani. Alipotaka kusema baba ilisikika kama mama, na dada ikawa nana, kwa sababu sauti hizo zinahitaji pumzi izuiwe mdomoni, na yake ilipitia puani. Wenzake walimwigiza, naye akanyamaza. Mimi nilimkalisha dawati la nyuma nikidhani ni mzito wa kuelewa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kwamba watoto wenye mpasuko wa kaakaa hujaa majimaji masikioni mara kwa mara, na wengi husikia kwa shida. Inawezekana kabisa hakuwa ananisikia.

Kuhusu chanzo nitasema machache. Mdomo wa mtoto huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, na kaakaa hufuata wiki chache baadaye, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Kurithi kunachangia, na vilevile sigara, pombe na baadhi ya dawa za kifafa. Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mpasuko wa aina hii. Hakuna aliyemcheka mtu.

Ninawaomba waganga wakuu wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa wahakikishe kwamba kila chumba cha kuzalia, hata cha zahanati ya mwisho wa barabara, kina tochi, na kwamba kaakaa la kila mtoto linatazamwa kwa mwanga hadi nyuma, si kupapaswa kwa kidole tu, kwa kuwa kidole hukosa mpasuko mdogo. Matokeo yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, na mama afundishwe kunywesha kabla hajatoka wodini.

Na mama ambaye maziwa yanamtoka mwanawe puani kila anaponyonya ampeleke kituoni leo, aombe atazamwe kaakaa kwa tochi, na asikubali kuondoka kabla hajatazamwa, hata kama mara ya kwanza aliambiwa mtoto ni mzima.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Mbeya