Nakuhitaji miguuni, Mama Kulwa

Kirumba, Jumapili jioni

Mwadila, Mama Kulwa!

Nimekaa kimya tangu ule msiba wa Igoma, na wewe vilevile, kwa hiyo tusilaumiane. Huku hatujambo. Shija kafaulu. Bibi bado anakoroma mchana kutwa halafu anakana.

Nakuandikia kwa ajili ya presha. Daktari kanipima siku tatu tofauti, kasema vidonge tuviache kwanza, nitembee dakika 30, siku 5 kwa wiki, haraka kama mtu aliyechelewa ibada. Mimi kwa ubishi wangu nikaona kutembea ni kwa wazee. Nikakimbia! Nikaulenga mlima wa Capri Point. Pale unapoanza tu kupanda nikakumbatia ukuta wa nyumba ya watu, na korongo mmoja kasimama ng'ambo ya barabara ananitazama, anasubiri. Wiki mbili sikuvaa raba.

Nimegundua miguu haina kosa. Zinazonishinda ni dakika. Ukiwa peke yako, dakika 30 zinazidi foleni ya kivuko cha Kigongo enzi zile hatujapata daraja. Nikaweka redio sikioni. Taarifa ya habari ikaisha, nikabaki nahesabu mawe, na hapa Mwanza mawe yanaisha lini? Nikajaribu kufuata dagaa soko la Mwaloni alfajiri. Hiyo ilikuwa afadhali, maana akili iko kwenye bei. Ila kurudi napanda bodaboda kwa sababu ya mzigo. Kuogelea usinitajie, kichocho cha utotoni kilinitosha.

Sasa sikia. Nesi aliniambia kasi inayofaa ni ile ambayo unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Kuongea! Si ndiyo kazi yetu? Jumamosi ile nikatoka na Mama Neema, tukaanza kumsema mtu (unamjua), nikashtuka tuko mbele ya Jiwe la Bismarck, dakika 40 zimepita na sijaangalia saa hata mara moja. Basi wiki hiyohiyo Mama Neema kahamia Geita. Bahati yangu hiyo.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 11 na nusu jioni, mimi napiga simu, bando juu yangu. Wewe tembea huko Dodoma, mimi huku. Ukinisikia naimba, nimelegea, nisute. Ukisikia nahema tu bila neno, niambie nipunguze. Na masharti ni haya: umbea wote tuutunze, tusimseme mtu tukiwa tumekaa. Ninao wa mahari ya mtoto wa Masanja, tangu Alhamisi umenikaa kooni, na hapa siuandiki ng'o. Nitakuambia nikishaanza kupanda.

Siku 2 zilizobaki nitajua mwenyewe, labda nirudi kwenye dagaa.

Vipi, goti lako lilipona? Saa hizo utakuwa umeshatoka kazini, au bado wanawachelewesha? Raba unazo, au bado ni zile za mchezo wa rede? Baba Kulwa hatanuna? Na hili la Doto kuacha kazi, ni kweli? Hapana, usinijibu. Hilo liweke mpaka Jumatatu.

Wako,
Mama Shija