Mwanagenzi asilaumiwe kabla ya kuitazama tangsteni yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa kuchomelea wa Moshi na Arusha, hasa sisi tunaopokea vijana wa kujifunza mashine ya tigi (TIG), ile inayochomelea kwa moto wa umeme unaotoka kwenye ncha ya kijiti cha tangsteni huku gesi ikiulinda mshono.

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja karakanani kwangu, Pasua, kichwa chini. Alikuwa amekaa wiki tatu kwa fundi mwingine akijifunza kuunga chuma cha pua, yale mabati ya milimita 1.5 tunayotengenezea ndoo za maziwa. Kila akiwasha, moto haukai. Unaruka kushoto, unapanda ubavuni mwa tangsteni, unakatika, na mshono unatoka mweusi kama masizi. Fundi wake akamwambia mkono wake unatetemeka, kazi hii haimfai, arudi kwenye bodaboda.

Nilimwomba anionyeshe tangsteni aliyokuwa akitumia. Akaitoa mfukoni, ameiviringisha kwenye karatasi. Niliisogeza mlangoni penye mwanga. Nchani pameganda kidonge cha kijivu kama punje ya mtama, na mistari ya kunolea imeizunguka kama pete. Tena ilikuwa ya milimita 3.2! Kwa ampea 50, tangsteni nene hivyo haipati joto la kutosha nchani, moto unatangatanga. Mimi mwenye miaka 22 katika kazi hii nisingeunga kitu nayo.

Nikampa ya 1.6. Tukainoa kwa urefu, mistari yote ikielekea nchani, kwenye jiwe ambalo halinoi kitu kingine. (Zile zenye alama nyekundu zina thoriamu na vumbi lake lina mionzi, kwa hiyo vaeni barakoa mnaponoa. Hili wengi wetu tunalipuuza, na si jambo la kupuuza.) Halafu athi, ule waya wa kurudisha umeme unaobanwa kwa klampu. Nilimwambia asugue rangi na kutu mahali klampu inapobana mpaka chuma king'ae, kisha afute bati lenyewe mafuta. Gesi alizoea kuifungulia lita 20 kwa dakika, eti ikiwa nyingi inalinda zaidi. Kumbe ikizidi inavurugika na kuvuta hewa ya nje ndani yake. Tukashusha hadi 8, tukafunga mlango unaoingiza upepo wa mchana.

Akawasha, ncha ikiwa kama milimita 2 kutoka kwenye bati. Moto ulisimama wima, kimya, na mshono ukatoka na rangi ya dhahabu. Mkono ulikuwa ule ule wa wiki tatu zile. Aliinua kofia ya kuchomelea akautazama mshono muda mrefu bila kusema neno.

Sisemi mkono haukosei. Mchana ule ule alichovya tangsteni kwenye chuma kilichoyeyuka mara tatu. Kila anayejifunza huchovya. Ila ikishachovywa imechafuka, na moto hautatulia mpaka inolewe upya, hata ashike tochi fundi gani. Hapa ndipo ninapowalaumu wenzangu. Tunawabania vijana tangsteni kwa sababu ni ghali, tunawapa mabaki ya kwetu, wakiomba kunoa tunawaambia wanamaliza mali. Kijana anaendelea na ncha iliyooza siku nzima, anaharibu bati ambalo bei yake inazidi ile tangsteni, jioni anaamini yeye ndiye mbovu.

Ninachoomba ni kidogo. Kila mwanagenzi apewe tangsteni zake mbili za unene unaolingana na kazi yake, na jiwe lake. Moja ina urefu wa sentimita 15 na hunolewa mara nyingi kabla haijaisha. Na moto ukicheza, fundi aanze kwa kuitazama ncha, athi na gesi kabla hajausema mkono wa mtu.

Kijana yule sasa anaunga vifuniko vya ndoo. Bado anachovya mara mbili tatu kwa siku, na akichovya anazima mashine na kwenda kwenye jiwe bila kuniomba ruhusa.

Fundi wa kuchomelea,
Pasua, Moshi