Posho ya matunzo ya wazee isimsahau anayewatunza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie masharti yanayoambatana na posho ambayo baadhi ya nchi huwalipa wazee wasioweza tena kuoga, kuvaa au kula bila msaada wa mtu mwingine. Mara nyingi mjadala huishia kwenye swali la iwapo fedha taslimu zitolewe au la, ilhali nchi zilizotangulia zimeonyesha kwamba posho hiyo humfaa mzee au humwacha katika taabu kutegemea sheria inasema nini kuhusu nani alipwe, kwa kazi ipi, na nani atakayekwenda kumwona mzee mwenyewe nyumbani kwake.

Italia hulipa posho hiyo tangu mwaka 1980 bila kuangalia kipato cha mzee, na kiwango ni kimoja kwa kila anayestahili, takriban euro 542 kwa mwezi katika mwaka 2025. Mlipwaji haulizwi amezitumiaje fedha hizo. Naheshimu uhuru huo, kwa sababu mzee hatendewi kama mtuhumiwa, lakini familia nyingi zimezitumia kuwaajiri wanawake wahamiaji wanaoishi na wazee hao usiku na mchana, wengi wao bila mkataba ulioandikishwa, na kwa hiyo bila michango ya pensheni wala saa za mapumziko zinazolindwa. Austria, iliyoanzisha posho yake mwaka 1993 ikiwa na ngazi 7 zinazotegemea hasa saa za matunzo anazohitaji mtu, nayo haikudai hesabu ya matumizi, na mwaka 2007 ikalazimika kutunga sheria maalumu ya kuhalalisha watunzaji wa saa 24 ambao tayari walikuwa wakifanya kazi hiyo kinyume cha taratibu.

Wengine wamekaza kamba zaidi. Nchini Ufaransa, tangu mwaka 2002, mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi hutathminiwa, huandikiwa mpango wa matunzo, na fedha hutumika kwa yale tu yaliyomo katika mpango huo, naye huchangia zaidi kadiri kipato chake kinavyopanda. Anaweza kumwajiri mwanawe kwa fedha hizo, ila si mume au mke wake. Katazo hilo naliona kali, kwa kuwa mke anayemgeuza mumewe kitandani usiku kucha anafanya kazi ile ile ambayo binti yao angelipwa kuifanya. Uholanzi, baada ya visa vya udanganyifu katika bajeti binafsi za matunzo, yaani fedha anazopewa mhitaji ili awalipe watunzaji aliowachagua mwenyewe, iliamua kuanzia mwaka 2015 kwamba fedha zisipitie tena mikononi mwa mhitaji, bali taasisi ya umma iwalipe watunzaji moja kwa moja. Lengo lilikuwa jema, lakini katika miezi ya mwanzo watunzaji wengi walicheleweshewa malipo, na mzigo wa udhaifu wa utaratibu ukawaangukia watu wasio na hatia yoyote.

Japani ilipoanzisha bima yake ya matunzo mwaka 2000 ilikataa kabisa kulipa fedha taslimu, na miongoni mwa hoja zilizosikika ni kwamba posho ingewafunga wanawake, hasa wakazamwana, katika kazi ya kuwauguza wakwe. Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Hata hivyo, kutokulipa hakuiondoi kazi yenyewe, maana bado yuko mtu anayeifanya, na anaifanya bure.

Ndiyo sababu mfano wa Ujerumani unanivutia kuliko mingine yote. Bima yao ya matunzo, iliyoanza mwaka 1995, humpa mzee anayeishi nyumbani hiari ya kuchagua huduma za wataalamu, fedha, au mchanganyiko wa vyote viwili. Anayechagua fedha pekee halazimiki kukusanya risiti, lakini kuanzia ngazi ya 2 hadi ya 5, kati ya ngazi 5 za uhitaji wa matunzo, ni lazima atembelewe na mtaalamu kila baada ya kipindi kilichowekwa na sheria, na akikataa, posho yaweza kupunguzwa au kusimamishwa. Risiti ingeonyesha tu kwamba fedha zimetumika; mtaalamu aliyeingia chumbani huona vidonda vya mgongoni, na humwona pia mtunzaji aliyechoka kupita kiasi. Zaidi ya hayo, ndugu anayemtunza mzee wa ngazi hizo kwa saa 10 au zaidi kwa wiki, zilizogawanywa walau katika siku mbili, huku ajira yake nyingine haizidi saa 30, huwekewa michango ya pensheni na mfuko wa bima hiyo. Kasoro ninayoiona ni kiwango chenyewe: mwaka 2025, mtu wa ngazi ya 2 alipata euro 347 akichagua fedha, ilhali huduma za wataalamu zilikuwa na thamani ya hadi euro 796, kana kwamba kazi ya ndugu ni chini ya nusu ya kazi.

Ulinzi huo wa mtunzaji usiachwe utegemee hali ya hazina. Hispania, kwa sheria yake ya mwaka 2006, ilikusudia posho ya mtunzaji wa familia iwe ya nadra, nayo ikawa ya kawaida. Kisha katika kubana matumizi mwaka 2012 serikali ikaacha kuwalipia watunzaji hao michango ya hifadhi ya jamii, na haikuirejesha hadi mwaka 2019. Posho hukoma siku mzee anapofariki, na mtunzaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke aliyeacha ajira akiwa na miaka 50 na ushei, hubaki na pengo hilo katika pensheni yake mwenyewe. Nchi yoyote inayoandika sheria ya namna hii na iweke michango ya mtunzaji katika kifungu kimoja na posho ya mzee, ili kimoja kisiweze kulipwa pasipo kingine.

Msomaji wako